MASHUA ILIYOFIKA ZIWANI MABEGANI

Mzee mmoja wa darasa letu la Tinde ameniandikia barua kwa mkono wake mwenyewe. Amestaafu kazi, ana mbao uani, na ameanza kujenga mashua ndogo ya tanga kwa kujifurahisha tu. Majirani wanamcheka. Ziwa Victoria liko mbali, ataifikishaje majini? Basi sikilizeni habari hii.

Mwaka 1874 Henry Stanley alijengewa mashua huko Teddington, Uingereza, ikaitwa Lady Alice. Urefu wake ulikuwa futi 40. Ilijengwa vipande vitano, ili vichukuliwe na watu na kuunganishwa tena kando ya maji. Lakini ilipofika Unguja, vipande vilionekana vizito mno: kimoja ratili 280, kingine zaidi. Na mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama ratili 60! Ikabidi seremala avigawe tena.

Safari ilianza Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874. Wapagazi wa mashua walikuwa watu wenye nguvu waliochaguliwa. Waliongezewa mshahara, wakaruhusiwa kufuatana na wake zao. Mimi naona walistahili zaidi. Njaa, maradhi na mapigano ya Ituru yaliua wengi katika msafara, na wengine walitoroka. Hata hivyo mashua ilivuka nchi ya Wasukuma, ikafika Kageye, kando ya ziwa, tarehe 27 Februari 1875. Ikaunganishwa. Tarehe 8 Machi Stanley na mabaharia 11 wakatweka tanga, wakalizunguka ziwa lote kwa muda wa miezi miwili hivi. Jina la Stanley limo vitabuni. Wenye mabega yale hatuwasikii sana.

Pale Kageye alikuwapo mfanyabiashara wa pwani, jina lake Songoro. Yeye alikuwa akijenga jahazi kisiwani Ukerewe, kwa miti ya huko huko. Shida yake ilikuwa nyingine: miti ilikuwa ya Mtemi Lukonge. Jahazi liliponunuliwa na wamisionari wa Kiingereza, malipo ya miti yakaleta ugomvi. Desemba 1877 Songoro aliuawa Ukerewe, pamoja na wamisionari wawili, Smith na O'Neill.

Sasa chukueni kalamu, mwandike: mashua, tanga, ratili, mpagazi. Nawe mzee wetu, jenga vipande vipande. Lori litavifikisha Mwanza. Ila tuandikie tena, utuambie kama mbao zako umekwisha kuzilipia.