Kuvinjari na Kujivinjari

Mtu akiweka simu yake kwenye Kiswahili, programu ya kufungulia kurasa za intaneti hujitambulisha kwa jina la kivinjari, na kazi yake huitwa kuvinjari. Pale Benaco, katika kata ya Kasulo wilayani Ngara, sijamsikia mtu akilitamka neno hilo kwa habari ya simu. Kijana wa bodaboda anayesubiri abiria anasema anaperuzi. Dada wa duka la vipodozi anasema yupo mtandaoni. Fundi cherehani akiulizwa mteja wake anafanya nini pale kwenye benchi, anajibu kwamba anachagua mshono, na tangu saa nne anachagua. Hata hivyo nitalitetea kivinjari, maana nadhani waliolichagua walitupa neno zito kuliko walivyokusudia.

Kabla ya intaneti, kuvinjari ilikuwa kazi ya walinzi na mabaharia: kuzungukazunguka mahali kwa kulinda au kwa kutafuta kitu. Hadi leo gazeti likitaka kusema manowari zimeonekana Ghuba ya Uajemi, huandika kwamba zinavinjari huko. Anayevinjari kwa maana hiyo ana eneo lake, ana zamu yenye kuanza na kwisha, na akirudi kambini ataulizwa ameona nini. Hakuna mkuu wa kikosi atakayeridhika na jibu la "nimeona mengi".

Kiingereza chenyewe kilianzia machungani. Browse ilikuwa kazi ya mnyama anayekata vichipukizi na majani ya vichaka, na wataalamu wa wanyamapori bado wanalitumia hivyo kwa twiga na jamaa zake, kama wale wa Burigi-Chato, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2019, isiyo mbali na Kasulo. Mbuzi wa Kasulo naye anafanya kazi hiyohiyo kila siku pembeni ya barabara: jani hapa, jani pale, hana anachotafuta ila kinachofuata mdomo. Baadaye Waingereza wakalihamishia neno kwa mtu anayepitiapitia vitabu dukani bila kununua, na kutoka hapo likaingia kwenye kompyuta. Mfasiri wetu angeweza kumfuata mbuzi. Akamfuata askari.

Kwa upande wa sarufi kazi ilikuwa nyepesi. Kitenzi cha Kibantu kikigeuzwa kuwa jina la chombo, mara nyingi mkia wake hubadilika, kama kukokotoa kulivyotoa kikokotoo. Vinjari tayari kinaishia na i, hivyo kilihitaji ki- mbele tu na jina likasimama. Miaka ile ya mwanzo wa 2000, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa kwenye mradi wa Kilinux uliozaa Jambo OpenOffice mwaka 2004, watu waliokuwa wakikitafutia Kiswahili maneno ya kompyuta walikuwa na mengine mezani. Wapo waliotumia kisakuzi, neno lenye harufu ya msako. Kivinjari ndicho kilichotulia kwenye simu, na mimi sikukisikitikia kisakuzi. Kinasikika kama mbwa wa polisi.

Tatizo, au tuseme utamu, ni kwamba Kiswahili kina silabi moja yenye hila: ji. Mtie askari wetu ji, naye anavua buti. Kujivinjari ni kustarehe, kutembea kwa raha, kwenda mahali kwa sababu panapendeza. Watalii wanajivinjari ufukweni. Vijana wanajivinjari sikukuu ya Idi. Hakuna eneo la kulinda, zamu haina saa, na anayerudi haulizwi kitu zaidi ya kama palikuwa pazuri. Kitenzi ni kilekile, miguu ni ileile, hata njia inaweza kuwa ileile. Kilichobadilika ni nani anayengoja taarifa.

Simu imezichanganya kazi hizi mbili kiasi kwamba mwenye simu mwenyewe hajui yupo kwenye ipi. Benaco ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Jina la mji linatokana na kampuni ya ujenzi wa barabara, na dunia ililisikia mwishoni mwa Aprili 1994, pale wakimbizi wa Rwanda wapatao robo milioni walipovuka daraja la mpakani la Rusumo ndani ya takriban siku moja na kambi ikafunika vilima. Desemba 1996 wakarudishwa kwao. Kilichobaki ni njia panda yenye nyumba za wageni, vibanda vya chipsi na malori ya Rusumo. Mkazi wa hapa amezoea kuona mali ikipita: magodoro, vigae, friji, mabati, vyote vimefungwa turubai, vinakwenda kwa wengine bila kushushwa. Picha za mtandaoni nazo hupita vivyo hivyo, ila hizi hazina turubai.

Kaa kidogo kibarazani kwa fundi cherehani. Zamani ukutani kulikuwa na bango la mishono, wanawake waliosimama kwa safu wamevaa vitenge, na mteja alinyoosha kidole. Bango lilikuwa na mwisho. Sasa mteja anakuja na simu yenye albamu nzima ya picha alizozihifadhi kwa miezi, nyingine za Lagos, nyingine za Accra, nyingine za bibi harusi wa Dar es Salaam aliyepigwa picha na mtaalamu, kwa taa za kukodi.

"Fundi, nataka huu."

"Dada yangu, huu una bitana, una malinda ya ndani, na mikono imesimamishwa kwa gamu. Kitenge umeleta yadi ngapi?"

"Tatu."

"Na shughuli ni lini?"

"Jumamosi hii."

Fundi akavuta futi yake shingoni. "Basi tuchukue shingo ya huu, na mikono ya ule ulionionyesha kwanza. Simama nikupime."

Pale aliposema "simama nikupime" ndipo kuvinjari kwa miezi kulipopata pa kuripoti. Yadi tatu, siku chache, na mwili wa mteja mwenyewe, ambao haukuwamo katika picha hata moja. Nimependa zaidi kwamba fundi hakuikataa albamu. Aliichukulia kama taarifa ya mlinzi: akaidodosa, akabakiza vitu viwili vilivyowezekana, vingine akaviacha humohumo simuni. Gauni lililotoka halikufanana na picha yoyote, na lilivaliwa.

Kwa nyumba mambo ni mazito zaidi, maana kitenge kikiharibika hasara yake huonekana wiki moja, ila ukuta hukaa. Kurasa za ramani za nyumba ni miongoni mwa zinazotazamwa sana na Watanzania wanaojenga, na sura inayotawala sasa ni ile ya paa la kuficha: kuta zimepandishwa zikalizunguka bati, nyumba inaonekana kama sanduku jeupe, madirisha makubwa ya kioo, gari mbele. Gari huwa halikosekani. Mtu wa Kasulo anayejenga kwa tofali za kuchoma, kidogokidogo, kwa fedha ya maharage na kahawa, anaihifadhi picha hiyo na kumpelekea fundi. Fundi mzuri anauliza swali moja: maji yatatokea wapi? Kagera ina masika na ina vuli. Paa la kuficha ni beseni lisilosamehe. Mfereji wake ukikosewa mteremko, au ukiziba majani, maji hayadondoki nje kama kwenye paa la kawaida, yanaingia ndani, na plasta ya dari inaanza kuchora ramani zake yenyewe. Si kwamba haliwezi kujengwa. Linajengwa, tena vizuri, na mtu aliyelipia mifereji na kuzuia maji. Picha haionyeshi gharama hizo kwa sababu picha imepigwa kiangazi.

Hapa nchini tuna neno kamili kwa nyumba iliyokwama katikati ya picha na makazi: boma. Serikali inalitumia kwa madarasa na zahanati zilizojengwa na wananchi hadi usawa wa linta zikangoja bati. Watu wanalitumia kwa nyumba zao. Boma lenyewe si aibu. Wengi wetu tumelelewa katika nyumba zilizokuwa maboma kwa muda mrefu, mchanga umemwagwa mbele, nondo zimechomoza juu zikingoja fedha. Lakini yapo maboma ambayo hayakukwama kwa fedha. Mwenyewe alibadili ramani baada ya msingi, kwa sababu ameona nyingine nzuri zaidi. Akaibadili tena kwenye linta. Huyo hakukosa ndoto wala hakukosa tofali. Alikosa kufunga zamu.

Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen, aliyefundisha Hamburg na New York, amelichunguza jambo la jirani na hili kwa miaka mingi. Mwaka 2011, akiwa na Heather Kappes, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu walioombwa wawaze wakati ujao mtamu, kila kitu kimekwenda sawa, walibaki na nguvu kidogo za kuanza kazi kuliko wenzao walioombwa wawaze kwa mashaka. Hata shinikizo la damu, ambalo hupanda kidogo mwili unapojiandaa kwa jambo, lilithibitisha hivyo. Kwa maneno mengine, mwili hudhani umeshafika. Dawa anayoipendekeza haiui ndoto. Anasema iwekwe picha ya unachokitaka, halafu hapohapo kizuizi chako mwenyewe kiwekwe kando yake, ndipo upange utafanya nini kizuizi kikitokea. Fundi wa Benaco aliyeuliza yadi na tarehe hajawahi kumsoma Oettingen, na anafanya tiba hiyo bure, tena bila kukupa cheti.

Wapo wanaovuka upande wa pili, wanaotenda kwa pupa kabla ya kuona vya kutosha. Kenya ilipata wazimu wa kware mwaka 2013 na 2014: habari za bei ya mayai yake zikasambaa, watu wakakimbilia leseni za shirika la wanyamapori, maana kware kwa sheria ni ndege wa porini, wakanunua vifaranga kwa bei ya kuumiza, na soko likaanguka mara tu kila mtu alipokuwa na mayai. Wale walivinjari nusu. Waliona mayai, hawakuona walaji.

Kwa hiyo sina ugomvi na kujivinjari. Mama aliyefunga genge saa mbili usiku, akalala chali akitazama nyumba za pwani ambazo hatazijenga na wala hana haja ya kuzijenga, anapumzika kwa bando lake mwenyewe. Ndoto yake haidai risiti. Ninachokilalamikia ni udanganyifu mdogo wa lugha tunaojifanyia: kijana akiulizwa kwa nini banda la kuku halijaanza mwaka wa pili huu, anajibu bado anafanya utafiti. Simu imejaa mabanda ya Brazili. Angesema anajivinjari, mjomba wake angecheka na mambo yangeisha. "Utafiti" unamfanya mjomba angoje taarifa isiyokuja, na kibaya zaidi, unamfanya kijana mwenyewe aisubiri.

Zana zenyewe hazisaidii. Mwaka 2006 Aza Raskin alibuni ukurasa usiokuwa na chini, unaojijaza kila unapoteleza kidole, na baadaye amesema hadharani kwamba anajutia matokeo yake. Ukurasa wa zamani ulikuwa na mwisho, ukabonyeza "inayofuata" au ukaacha. Sekunde ile ya kubonyeza ilitosha mtu kukumbuka alichokuja kukitafuta. Huku kwetu kazi hiyo imebaki kwa bando. Likikata, zamu imekwisha utake usitake, na nimewahi kuona mtu akinyanyuka kwenda kuchota mchanga kwa sababu hiyo tu. Watu wenye intaneti ya bure ofisini hawana mlinzi huyo.

Kuhusu kuperuzi, sina kinyongo. Limetoholewa kutoka Kiingereza, na limetulia midomoni. Nililonalo ni kwamba halina upande. Anayeperuzi hujui kama anatafuta au anastarehe, naye hapendi ujue. Jozi ya kuvinjari na kujivinjari inamlazimisha mtu achague silabi. Mwalimu wa sekondari anaweza kuitumia darasani kesho: saa nzima ya kompyuta, nusu ya kwanza kuvinjari, na mwanafunzi aje na jina la kitu, bei yake, mahali kinapopatikana karibu na Ngara, na kizuizi kimoja, nusu ya pili kujivinjari, na asiulizwe lolote.

Limebaki jambo moja katika ile maana ya doria, nalo watengeneza simu wamelitimiza kwa ukamilifu kuliko sisi. Kivinjari kina sehemu inayoitwa historia, ambamo kila ukurasa uliofunguliwa umeandikwa pamoja na saa yake. Taarifa ya zamu ipo, basi, tena imeandikwa vizuri, na hata ukiifuta simuni, nyingi ya kurasa ulizopitia zimeshaweka kumbukumbu zake za ziara yako. Kumbukumbu hizo husomwa kila siku na wauza matangazo, ndiyo maana aliyetazama bati la msauzi Jumatatu anaonyeshwa bati la msauzi hadi Ijumaa.