Minara ya Ravenna na rangi za Antonioni

Mwaka 2024 minara miwili ya kupozea maji ya kiwanda cha zamani cha kusafishia mafuta cha SAROM, bandarini Ravenna, Italia, ilibomolewa kupisha paneli za umeme wa jua. Wapo waliopinga, nami nawaunga mkono. Minara ile, mipana chini na miembamba kiunoni, imo katika Deserto rosso, yaani Jangwa Jekundu, filamu ya Michelangelo Antonioni ya mwaka 1964.

Antonioni, mzaliwa wa Ferrara, mji wa jirani, alikuwa amekwisha kupata jina kwa filamu tatu zisizo na rangi, juu ya watu wanaolala kitanda kimoja na kila mtu yuko mbali: L'avventura, La notte na L'eclisse. Jangwa Jekundu ndiyo iliyokuwa filamu yake ya kwanza ya rangi. Wakati huo gesi asilia ilikuwa imegunduliwa Ravenna, na misitu yake ya misonobari ikawa inapakana na mabomba.

Humo akamweka Giuliana, mke wa mhandisi, aliyeigizwa na Monica Vitti. Tangu apate ajali ya gari, Giuliana hana raha. Dunia yenyewe inamtisha. Antonioni aliupaka ugonjwa huo rangi. Tazama ule mtaa anakotaka kufungua duka: muuza matunda kakaa kando ya mkokoteni wake, na matunda yote ni ya kijivu, kana kwamba yamemwagiwa jivu. Hakuna anayeshtuka. Ndivyo macho ya Giuliana yanavyoyaona.

Lakini kisa cha msitu kinazidi hicho, na Antonioni mwenyewe alikiandika. Alitaka msitu mzima uwe mweupe. Mafundi wakaingia usiku na pampu, wakapulizia rangi miti na nyasi. Kulipokucha, jua likawaka, weupe ule ukapotea mbele ya kamera. Kazi yote ile haikuingia katika filamu. Mimi naiheshimu hasara hiyo kuliko filamu nyingi zilizokamilika, maana inaonyesha mtu aliyeamini kuwa rangi inaweza kusema yale ambayo Giuliana hawezi kuyatamka.

Filamu ilitwaa tuzo ya Simba wa Dhahabu katika tamasha la filamu la Venice mwaka huo huo wa 1964. Wengi waliidhani ni laana kwa viwanda. Antonioni alipohojiwa na mwongozaji filamu mwenzake, Jean-Luc Godard, alikataa: mistari ya viwanda na mabomba yake ya moshi, alisema, huweza kupendeza kuliko miti. Ndiyo maana inaniuma kusikia minara ile ikiitwa saruji chakavu. Mmoja tu ungeachwa.



Mwishoni mwa filamu, mtoto wa Giuliana anamuuliza mama yake kwa nini moshi ule ni wa njano. Una sumu, anajibu. Mtoto anawaza habari ya ndege: wakipita humo watakufa? Mama anamwambia ndege wamekwisha kujua, hawapiti tena.