Kifo cha Kanumba na Ushahidi wa Mtoto wa Darasa la Tatu

Mwaka jana, katika semina ya fasihi na jamii, nilitoa mada juu ya filamu za Kiswahili na nikaianza kwa kumbukumbu yangu mwenyewe. Nilieleza kwamba habari za kifo cha Steven Kanumba zilinikuta darasani, shule ya msingi, Morogoro. Nilikuwa darasa la tatu. Mwalimu wa zamu aliingia na simu mkononi, akamnong'oneza mwenzake, nasi wa dawati la mbele tukadaka. Kufika saa nne, wakati wa uji, shule nzima inajua, na wasichana wa darasa la saba wanalia chini ya mwembe. Wenzangu waliipenda sana picha hiyo. Mhadhiri akauliza swali moja tu: "Ilikuwa siku gani ya juma?"

Sikuwa na jibu. Jioni nikaenda kutazama kalenda. Kanumba alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 7 Aprili 2012, nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 28. Kesho yake ilikuwa Pasaka. Jumatatu ni sikukuu, na Jumanne tarehe 10 akazikwa makaburi ya Kinondoni. Kwa hiyo Jumamosi ile hapakuwa na darasa, wala mwalimu wa zamu, wala uji.

Basi mimi ni shahidi wa uongo. Na kwa kuwa mada yangu ilidai kwamba kumbukumbu za watazamaji ni chanzo halali cha historia ya sanaa yetu, jambo hili halikuwa dogo hata kidogo. Maksi tuziweke kando. Hoja yenyewe ndiyo iliyokuwa inaning'inia.

Nikampigia mama. Akacheka. "Shule gani wewe? Ulikuwa hapa hapa, nakuna nazi, wewe unachezea vifuu." Kwa maelezo yake, aliyeleta habari ni baba mdogo, aliyekuwa na banda la video mtaani kwetu, kiingilio shilingi mia. Aliingia bila hodi, akasema Kanumba amekufa. Eti mimi nikamjibu kwamba hilo ni la sehemu ya kwanza, sehemu ya pili atakuwepo.

Hilo silikumbuki kabisa, lakini naliamini kuliko mwembe wangu. Msomaji aliyekulia katika mabanda yale anajua kwa nini. Filamu zetu za miaka ile ziliuzwa kwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja na diski yake. Wahakiki wameueleza utaratibu huu kama ujanja wa soko, nami sikatai: hadithi iliyotosha saa moja unusu ilivutwa hadi tatu, watu wakapanda na kushuka magari hadi tukachoka. Lakini kwa mtoto ilikuwa ni elimu juu ya kifo. Aliyekufa diski ya kwanza aliweza kurudi katika ya pili, akiwa mzimu, akiwa ndotoni, au ikabainika kuwa hakufa. Fani ilikuwa imenifundisha jambo ambalo dhamira haikulitaja popote.

Mwembe je, ulitoka wapi? Mwanafunzi mwenzangu wa enzi hizo ndiye aliyenifumbua macho. Mwalimu, simu, uji, wasichana, vyote vilikuwepo, ila marehemu alikuwa Sharo Milionea, yule mchekeshaji Hussein Mkieti, aliyepata ajali ya gari Muheza, Tanga, Jumatatu jioni, tarehe 26 Novemba 2012. Sisi tukaipata Jumanne asubuhi, shule. Nilichukua jukwaa la msiba mmoja nikampa marehemu mwingine.

Swali linalonisumbua ni kwa nini nilimhamisha Kanumba. Nadhani jikoni kwetu palikuwa padogo mno kwake. Huyu ndiye kijana wa Shinyanga aliyepitia Kaole, tukamjua kwa michezo ya runinga, akaja kucheza na Wanaijeria katika Dar 2 Lagos mwaka 2006. Huyu ndiye aliyewapa watoto nafasi katika Uncle JJ, nasi watoto tukamhesabu kuwa wetu. Siku ya mazishi runinga ilituonyesha viwanja vya Leaders vimefurika, watu wanazimia, Makamu wa Rais wa wakati huo, Dkt. Bilal, yupo. Kumbukumbu ikaona aibu ya nazi na vifuu, ikamtafutia waombolezaji.

Wala si ugonjwa wangu peke yangu. Baba anaapa kwamba Januari 1979 alisikia redioni, nyumbani kwao hapo hapo Morogoro, kuwa Mbaraka Mwinshehe amefariki kwa ajali Mombasa. Shangazi anamkatalia: redio yao ilikwisha uzwa, habari ililetwa na wachota maji bombani. Wamebishana hivyo tangu nipate akili. Zamani niliona ni mabishano ya wazee. Sasa naona kila mmoja anatetea mahali alipomwekea Mbaraka.

Mada nimeiandika upya. Mhadhiri alinishauri nimfute mwembe, nami nimeukataa ushauri huo kwa heshima zote. Nimeuacha, na chini yake nimeandika tarehe mbili.

Limebaki jambo moja ambalo sikulipatia nafasi katika mada. Mama anasema kwamba Jumamosi ile baba mdogo alifunga banda kwa majonzi, japo sikukuu ndiyo siku ya mavuno. Mwezi uliopita nilimuuliza mwenyewe. Akaniangalia kidogo, akasema hakufunga. Aliweka filamu za Kanumba tangu asubuhi hadi usiku wa manane, sehemu zote mbili, watu wakakaa hadi nje, na hajawahi kupata fedha nyingi kiasi kile kwa siku moja.

"Mama yako usimwambie," akasema. "Mimi nilimwambia nimefunga."