Hanithi: Neno na Sheria za Muscat

Katika nyumba za Muscat ambamo Kiswahili bado husemwa, hasa za familia zilizotoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964 na kurejea Omani baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970, neno hanithi halihitaji mkalimani. Ni la Kiarabu, lakini limekaa Pwani muda mrefu hata likapata maana yake huko: mwanamume asiye na nguvu za kiume, na aghalabu ni tusi. Omani lilikuwa na mahali pengine.

Mahali hapo palielezwa mwaka 1977 na Unni Wikan, mwanaanthropolojia wa Norwei, aliyeishi Sohar, mji wa pwani kaskazini-magharibi ya Muscat. Alikadiria mahanithi wapatao 60 mjini humo. Waliketi na wanawake bila wao kujifunika nyuso, na wakaimba nao arusini. Kanzu zao zilikuwa za kiume, ila zilibana kiunoni na rangi zake zilikuwa laini. Buibui hawakuruhusiwa: hanithi aliyethubutu kuvaa nguo za kike alifungwa na kuchapwa viboko. Basi ule ulioitwa ustahamilivu ulikuwa na mjeledi mlangoni, jambo ambalo wasifuo uvumilivu wa kale hulipita haraka. Gill Shepherd, aliyeichunguza Mombasa, alimpinga Wikan. Kwake yeye cheo na mali vilieleza mengi kuliko jinsia, kwani maskini huambatana na tajiri.

Sheria ya adhabu ya 1974 iliweka kifungo cha miezi sita hadi miaka mitatu kwa uhusiano wa jinsia moja, wa wanaume au wa wanawake. Ila mashtaka yasiyo na mlalamikaji yalifunguliwa iwapo tendo limeleta fedheha hadharani. Kwa maneno mengine, sitara ilikuwa ndiyo ngao, na aliyeitegemea aliishi kwa hisani ya majirani.

Agosti 2013 gazeti la kila wiki la Muscat, The Week, lilichapisha makala ya Kiingereza juu ya maisha ya watu hao. Makelele yalipopanda, likaomba radhi. Hakuna aliyefumaniwa wala kulalamikiwa na jirani. Kilichotosha kuwa fedheha ni wino. Wale waliozungumziwa walijifunza kwamba hata kusimuliwa ni hatari.

Mwaka 2018 ikaja sheria mpya. Kifungu cha 261 kilibakiza ile miezi sita hadi miaka mitatu, na sharti la fedheha likaondoka. Kifungu cha 266 kikamgeukia mwanamume anayeonekana katika mavazi ya kike: mwezi mmoja hadi mwaka mmoja gerezani, na faini ya riali 100 hadi 300, au mojawapo. Mpaka uliokuwa ukilindwa na desturi ya Sohar, kati ya kanzu iliyobana na nguo ya kike, sasa hupimwa kwa jicho la askari.