Kiko cha Mzee na Sheria ya Tumbaku

Mwaka 1928 kampuni ya British American Tobacco ilianzisha kiwanda cha sigara mjini Jinja, na kodi ya tumbaku ikaja kuingia katika hazina ya serikali. Mei 2016 Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015 ilianza kutumika. Imekataza kuvuta tumbaku karibu na mahali pa umma kwa umbali wa mita 50, na kumwuzia aliye chini ya miaka 21. Shisha imepigwa marufuku, kiko hakikupigwa. Basi mzee wa Mbale avutaye kiko shambani kwake, mbali na umma, asitishwe. Askari atakayemdai hongo ndiye mvunja sheria.