Bei ya Umeme kwa Saa

Bei ya umeme kwa saa ni utaratibu ambapo uniti moja huwa ghali zaidi katika saa za matumizi makubwa, aghalabu tangu magharibi hadi saa nne za usiku, na kushuka bei watu walalapo. Kenya iliuanza Desemba 2017 kwa viwanda na biashara. Ama huko Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi nchini Tanzania, mji uliokaa miaka mingi ukitegemea majenereta ya dizeli, mita ya LUKU, ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, haitazami saa bali kiasi: kwa viwango vya mwaka 2016, mtumiaji mdogo wa nyumbani hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka zitimie 75 kwa mwezi, na 350 kwa kila izidiyo. Hivyo apigaye pasi usiku wa manane hapati nafuu yoyote, ilhali, kwa insafu, angestahili.