Programu ya kusimamia seva ilivyogeuzwa mlango wa wavamizi

KILA tovuti ina upande wa pili ambao msomaji wa kawaida hauoni. Huko ndiko akaunti za barua pepe hufunguliwa, hifadhidata huundwa, maneno ya siri hubadilishwa na huduma kuwashwa au kuzimwa. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mafundi waliojua kuandika amri mojamoja. Baadaye ziliibuka programu za usimamizi, ambazo humwezesha mwenye seva kuyatenda hayo yote kwa kubofya ndani ya kivinjari.

Urahisi huo una gharama yake. Mwanya katika ukurasa mmoja wa tovuti huenda ukampa mwizi ukurasa huo tu. Mwanya katika programu ya usimamizi humkabidhi nyumba nzima pamoja na funguo zake, kwa kuwa programu yenyewe hutenda kazi kwa mamlaka ya msimamizi mkuu.

Miongoni mwa mifano iliyo wazi zaidi ni kisa cha Webmin, kilichofichuka Agosti 2019.

Webmin ni programu ya bure iliyoanzishwa na Jamie Cameron mwaka wa 1997. Hutumika kusimamia seva za Linux na mifumo inayofanana nayo, na kwa kawaida husikiliza kwenye poti nambari 10000. Msimbo wake uko wazi, na yeyote anaweza kuusoma katika hifadhi ya GitHub.

Mnamo Agosti 10, 2019, mtafiti kutoka Uturuki alieleza katika kongamano la DEF CON, Marekani, namna mtu asiye na akaunti yoyote angeweza kutuma ombi kwa faili inayobadilisha maneno ya siri, iitwayo password_change.cgi, na kuifanya seva itekeleze amri zake. Kasoro hiyo ilipewa nambari CVE-2019-15107. Waliotengeneza programu hiyo hawakuwa wamearifiwa mapema. Walipata habari mnamo Agosti 17 na wakatoa toleo 1.930 lililoziba mwanya huo.

Mwanzoni ilidhaniwa kuwa ni kosa la kawaida la uandishi wa msimbo. Uchunguzi ulionyesha jambo zito zaidi: mwanya ulikuwa umepandikizwa kwa makusudi.

Kwa mujibu wa maelezo ya wasimamizi wa Webmin, mnamo Aprili 2018 mvamizi aliingia katika seva ambako programu hiyo ilikuwa ikiandaliwa kabla ya kusambazwa. Aliibadilisha faili hiyo, kisha akairudisha nyuma tarehe yake ili mabadiliko yasionekane katika ulinganisho wa msimbo. Hivyo basi, toleo 1.890 likatoka likiwa na sumu ndani yake.

Baadaye faili hiyo ilirejeshwa katika hali yake halali. Hata hivyo, mnamo Julai 2018 mvamizi aliibadilisha tena, safari hii kwa ujanja zaidi. Mwanya ulifanya kazi tu pale ambapo mwenye seva aliruhusu watumiaji kubadilisha maneno ya siri yaliyokwisha muda. Mabadiliko hayo yaliingia katika toleo 1.900 na kuendelea hadi 1.920.

Septemba 10, 2018, seva hiyo iliondolewa na mpya ikawekwa mahali pake. Lakini folda ya kazi ilinakiliwa kutoka kwa akiba ya seva ya zamani, na faili iliyochafuliwa ikahamia nyumba mpya pamoja na mizigo mingine. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kisa hiki chafaa kuzingatiwa kwa sababu tahadhari za kawaida hazikutosha. Msimbo uliokuwa GitHub ulikuwa safi muda huo wote, na aliyeusoma mstari kwa mstari asingeona kasoro. Kilichochafuliwa ni kifurushi ambacho watu walipakua na kukiweka katika seva zao. Isitoshe, aliyesasisha programu yake kwa bidii mwaka wa 2018 ndiye aliyeupokea mwanya huo mapema.

Kisa hicho hakikuwa cha kwanza cha aina yake. Septemba 2012, iligunduliwa kwamba seva moja ya Korea Kusini, iliyokuwa ikisaidia SourceForge kusambaza programu, ilitoa nakala iliyochezewa ya phpMyAdmin 3.5.2.2, programu ya kusimamia hifadhidata za MySQL. Ndani yake mlikuwa na faili ya ziada, server_sync.php, iliyomwezesha mvamizi kuendesha amri zake kutoka mbali. SourceForge ilikadiria kuwa watu wapatao 400 walikuwa wameipakua nakala hiyo.

Baada ya kisa cha 2019, wasimamizi wa Webmin walibadilisha utaratibu ili matoleo yaandaliwe kutokana na msimbo ulio GitHub pekee. Aidha, walibadilisha maneno ya siri na funguo zote zilizoweza kufikiwa kutoka seva ya zamani, na kukagua mabadiliko yote ya msimbo ya mwaka uliotangulia.

Kwa mwenye seva, funzo kuu ni kutoiacha programu ya usimamizi wazi kwa ulimwengu mzima. Aliyeruhusu anwani chache tu kuifikia Webmin hakuweza kuvamiwa na mgeni kutoka mbali, hata kama toleo lake lilikuwa na sumu. Programu isiyotumika na iondolewe. Masasisho bado ni ya lazima, kwani kabla ya mwaka wa 2019 kwisha, mtandao wa tarakilishi zilizotekwa uitwao Roboto ulibainika ukitumia mwanya huo dhidi ya seva zilizokuwa hazijasasishwa.

Pia ni vyema kukumbuka kwamba kuziba mwanya hakumfukuzi mwizi aliyekwisha kuingia. Seva iliyovamiwa yafaa iundwe upya na maneno yote ya siri yabadilishwe. Akiba nayo ikaguliwe kabla ya kurejeshwa.

Nchini Kenya, jambo hili si la mafundi peke yao. Shule, hospitali au duka linaloweka habari za watu katika seva linabanwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Sheria hiyo humtaka anayedhibiti data kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kufahamu kuwa data imefikiwa bila idhini, iwapo kuna hatari ya kweli ya wenye data hiyo kudhurika. Asiyejua ni nani aliye na funguo za seva yake hawezi kujua saa hizo zimeanza kuhesabiwa lini.